Namba 0001 si gitaa la kwanza

Juni 2019, katika mnada wa Christie's mjini New York, Stratocaster nyeupe iliyokuwa mali ya David Gilmour wa Pink Floyd iliuzwa kwa dola 1,815,000. Bamba la chuma mgongoni mwake limechapwa namba 0001. Asiyejua kazi ya kiwanda cha Fender ilivyokwenda angeapa kwamba hilo ndilo gitaa la kwanza kabisa la aina yake. Sivyo. Shingo yake ina tarehe ya Juni 1954 na mwili wake Septemba 1954, ilhali Stratocaster zilikwisha kuanza kutoka kiwandani Fullerton, California, kabla ya Septemba ya mwaka huo. Gitaa haliwezi kukamilika kabla ya kiungo chake cha mwisho kuwapo, hata bamba lake liseme nini.

Mfano huu unaonesha namna anayetafuta gitaa la umeme la zamani anavyopaswa kupanga ushahidi wake. Wanunuzi wengi huanza na namba, wakaitafuta kwenye orodha, wakapata mwaka, na mwaka ukawapandishia bei. Mimi nashikilia kwamba namba iwe ya mwisho kuangaliwa. Fender walichapa namba kwenye bamba linaloshikilia shingo kwa skrubu nne, na mabamba yakachukuliwa kutoka kwenye kopo bila kufuata mpangilio, ndiyo maana namba za mwaka mmoja huingiliana na za mwaka mwingine. Tena bamba hilo huhama kutoka gitaa moja hadi jingine kwa dakika chache za bisibisi. Gibson wa Kalamazoo, Michigan, walikuwa na utaratibu mzuri zaidi katika miaka ya 1950, kwani tarakimu ya kwanza iliyopigwa kwa wino nyuma ya kichwa cha gitaa ilitaja mwaka: 9 kwa 1959. Lakini katika miaka ya 1960 walizirudia namba, na namba ileile inaweza kukutwa kwenye magitaa ya miaka tofauti. Namba iliwekwa ili mteja aione. Maandishi yenye thamani zaidi ni yale ambayo mteja hakutarajiwa kuyaona kamwe.

Hayo yamo ndani. Ukiilegeza shingo ya Fender ya miaka ya 1950 utakuta kisiginoni mwake tarehe ya penseli. Kuanzia 1962 penseli ikaachia nafasi muhuri wa mpira. Tadeo Gomez, mmoja wa waliochonga shingo hizo, aliacha herufi TG. Ndani ya matundu ya mwili wa baadhi ya magitaa ya katikati ya miaka ya 1950 kuna kipande cha utepe wa karatasi chenye tarehe na jina la mwanamke aliyeunganisha nyaya: Mary, Gloria. Hawakuwa wakimwandikia mnunuzi wa karne ya 21. Walikuwa wakitia alama kazi yao ili kasoro ikionekana ijulikane imetoka meza gani, na kwa sababu hiyo hawakuwa na haja ya kudanganya. Ushahidi wa namna hiyo nauamini kuliko cheti chochote cha muuzaji.

Kisha kuna potenshiometa, vile vifaa vidogo vilivyo chini ya vitufe vya sauti. Fender na Gibson walivinunua kutoka viwanda vingine, na viwanda hivyo vilipiga msimbo kwenye chuma chake. Tarakimu tatu za mwanzo ni za mtengenezaji: 304 ni Stackpole, 137 ni CTS, 134 ni Centralab. Zinazofuata ni za mwaka na wiki, kwa hiyo 3046112 ni Stackpole, wiki ya 12 ya 1961. Hapa ndipo wengi huteleza. Msimbo huo unasema kifaa kilitengenezwa lini. Gitaa lilifungwa lini ni swali jingine. Mwaka 1966 Fender walinunua shehena kubwa ya potenshiometa, nazo zikaendelea kufungwa kwenye magitaa ya miaka iliyofuata, kwa hiyo msimbo wa 1966 ndani ya gitaa la 1968 si dalili ya udanganyifu. Kinyume chake ndicho cha kutisha: potenshiometa ya 1972 ndani ya gitaa linalodaiwa kuwa la 1963. Hapo ama kifaa kimebadilishwa, ama gitaa lenyewe si la mwaka huo, na lehemu iliyo juu yake ndiyo itakayoamua. Kila tarehe ndani ya gitaa huweka mpaka wa chini, na ile iliyo changa kuliko zote, ikiwa kifaa chake ni cha asili, ndiyo inayotawala.

Rangi ndiyo yenye kishindo kikubwa zaidi kwenye bei. Wafanyabiashara wa magitaa haya kwa desturi hulihesabu lililopakwa rangi upya kuwa karibu nusu ya thamani ya lenye rangi yake ya kwanza, hata kama kila kitu kingine ni sahihi. Kwa bahati, kiwanda kiliacha ushahidi bila kukusudia. Mpaka kuelekea mwisho wa 1964, mafundi wa Fender walipigilia misumari midogo kwenye mwili wa gitaa ili usiguse meza wakati wa kupuliza rangi na kuikausha. Misumari iling'olewa rangi ikiwa imekwisha kukaa. Basi matundu yake kwenye mwili wa asili yanaonesha mbao tupu, bila rangi ndani. Aliyekwangua gitaa na kulipaka upya miaka 30 baadaye kwa kawaida ama aliyaziba ama rangi yake ikaingia humo. Taa ya mionzi ya urujuanimno huongeza shahidi wa pili: rangi ya zamani ya nitroselulosi hung'aa kwa manjano yenye ukijani chini yake, na sehemu iliyoguswa baadaye huonekana ya namna nyingine, mara nyingi nyeusi zaidi.

Kuna atakayesema kwamba kama mimi nayajua haya, mghushi pia anayajua. Ni kweli, na kwa gitaa kama Gibson Les Paul za 1958 hadi 1960, zenye rangi ya machweo na bei ya nyumba, mghushi ana kila sababu ya kujitahidi. Vibandiko vya pikapu (vifaa vinavyonasa mtetemo wa nyuzi) za wakati huo, vyenye maneno ya kutangaza kwamba hataza imeombwa, vimeigwa hadi havina tena nguvu ya kushuhudia peke yake. Lakini kughushi alama moja ni rahisi. Kughushi makubaliano ya alama zote ni kazi nyingine kabisa. Anayeandika tarehe ya penseli lazima pia apate potenshiometa zisizopita tarehe hiyo, nyaya zenye kitambaa, lehemu ambayo haijawahi kuyeyushwa mara ya pili, matundu ya misumari mahali pake, na rangi iliyozeeka kwa mpasuko wa kweli. Kila anapogusa anaacha alama. Mchunguzi hahitaji kushinda kwenye kila kiungo. Anahitaji kimoja kinachokataa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kulifungua gitaa ni kuliharibu. Nakubali kwa sehemu. Kuondoa shingo na kuinua kibao cha plastiki kinachobeba pikapu ni kazi ya skrubu tu, na gitaa la umri huo limekwisha kufunguliwa mara nyingi. Mpaka wangu ni lehemu. Mnunuzi anayeyeyusha kiungo cha asili ili asome msimbo uliofichika amebomoa ushahidi bora ili apate ulio hafifu. Muuzaji anayekataa hata skrubu zisiguswe ana haki yake. Mnunuzi naye ana haki ya kutoa bei ya gitaa lisilojulikana.

Halafu kuna Stratocaster nyeusi ya Gilmour, iliyouzwa kwenye mnada uleule kwa dola 3,975,000, zaidi ya mara mbili ya namba 0001. Ilikuwa imebadilishwa shingo na pikapu, ikatobolewa, ikarekebishwa tena. Je, hilo haliangushi hoja yote ya uasili? Haliangushi. Kilichouzwa pale ni historia ya mikono ya mwanamuziki mmoja, yenye picha na rekodi za miaka mingi za kuithibitisha. Gitaa lililotoka uvunguni mwa kitanda cha mtu asiyejulikana haliwezi kuazima thamani hiyo. Na anayesema sikio litoshe, sikio limpeleke kwenye gitaa la kupiga. Halina uwezo wa kutofautisha 1961 na 1971 kwa maelfu ya dola.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki anayefikiria kununua Marekani au Ulaya, tarehe hizo za ndani zina kazi moja zaidi. Ubao wa vidole wa magitaa mengi ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ni Dalbergia nigra ya Brazili, ndugu wa mpingo wetu, Dalbergia melanoxylon. Tangu 1992 mti huo wa Brazili uko kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kudhibiti biashara ya viumbe walio hatarini. Msamaha uliotolewa 2019 kwa ala za muziki zilizokamilika unahusu jamaa zake wengine, mpingo ukiwamo. Huo wa Brazili haukuguswa. Kwa hiyo gitaa la namna hiyo linahitaji hati kabla ya kuvuka mpaka, na mwombaji hutakiwa kuonesha kwamba mbao ilipatikana kabla ya mti huo kulindwa. Namba ya bamba haithibitishi hilo. Picha ya muhuri kisiginoni mwa shingo na msimbo wa potenshiometa zinasaidia, na ni vema zipigwe siku gitaa linapofunguliwa, kabla ya fedha kubadili mikono.