Ahadi ya Maikrosekunde Moja

Katika kiwango cha IEEE 802.1AS, kinachosawazisha saa za vifaa kwenye mtandao, kuna kifungu kinachoeleza ujumbe wa saa umefika lini. Mtu angedhani jambo hilo halihitaji maelezo. Lakini fremu ya Ethaneti haiingii kwenye kifaa kwa mkupuo. Huingia biti baada ya biti: kwanza mfuatano wa kuizindua mashine inayopokea, kisha alama ya kuanza, kisha mzigo wenyewe, na mwishoni namba za kuhakiki makosa. Basi imefika lini? Biti ya kwanza ilipogusa plagi? Biti ya mwisho ilipowekwa kwenye kumbukumbu? Au prosesa ilipopewa taarifa? Kati ya majibu hayo kunaweza kuwa na tofauti ya maikrosekunde nyingi, na kiwango hiki kimeahidi kwamba vifaa viwili, hata vikitenganishwa na vingine sita katikati, vitapishana kwa maikrosekunde moja tu, yaani sehemu moja ya milioni ya sekunde. Waandishi wake wakakata shauri: ujumbe umefika pale mwanzo wa ishara ya kwanza inayofuata alama ya kuanza fremu unapovuka mpaka kati ya waya na saketi ya kupokea. Mtengenezaji wa Taiwan na mwenzake wa Ujerumani, ambao hawajawahi kuonana, wakisoma kifungu hicho watapima kitu kilekile.

Mimi huona ustadi mkubwa katika kifungu kama hicho. Wengi wetu tumezoea kusifu simu, roketi na roboti, tukawasahau watu waliokaa miaka wakibishana kuhusu mahali pa kuanzia kuhesabu.

Ethaneti ilibuniwa mwaka 1973 katika maabara ya Xerox PARC, California, na Robert Metcalfe na David Boggs. Ulikuwa mtandao wa ofisi, wa kuunganisha kompyuta na mashine za kuchapa, na haukumwahidi mtu muda. Kila fremu ilipita ilipopata nafasi. Swichi zilipokuja, fremu zilianza kupanga foleni ndani yake, na foleni ikijaa, zilizochelewa hutupwa. Kwa barua pepe hilo halina neno. Kwa spika mbili zinazotoa sauti moja ukumbini ni jambo lingine, na kwa mikono miwili ya roboti inayoinua kioo kimoja cha gari ni hatari. Ndiyo maana viwanda vikaunda mitandao yao ya pekee, PROFINET hapa, EtherCAT kule, SERCOS pengine, na kila mmoja na taratibu zake. Mwenye kiwanda akishachagua mmoja, amefungwa nao.

Mwaka 2005, ndani ya kundi la IEEE 802.1, kikosi kilianza kazi ya kuifanya Ethaneti ya kawaida ibebe sauti na picha bila kuyumba. Lengo lao halikuwa mwendo wa kasi kupita yote. Walitaka upeo unaojulikana: kwa daraja la juu la huduma, fremu ipite hatua saba za mtandao na ifike ndani ya milisekunde 2, hata siku ambayo mtandao umelemewa. Mhandisi wa udhibiti hasaidiwi sana na wastani mzuri. Fremu mia tisa na tisini na tisa zikiwahi na moja ikachelewa, mashine inasimama. Anachotaka kujua ni siku mbaya kabisa itakuwa mbaya kiasi gani. Mwaka 2012 kikosi hicho kikabadili jina, kikaitwa cha mitandao inayojali wakati, au TSN, kwa sababu wenye viwanda na magari walikuwa wamekwisha kubisha hodi.

Kazi ya kwanza ilikuwa saa. Kila kifaa kina fuwele ya kwatzi inayokipa mapigo yake, na hakuna fuwele mbili zinazokwenda sawa. Kiwango kinaruhusu kila moja ikosee hadi sehemu 100 kwa milioni. Maana yake, saa mbili zikiachwa bila kurekebishwa zinaweza kuachana maikrosekunde 200 kila sekunde inayopita. Kwa kawaida basi saa kuu hutangaza wakati mara 8 kwa sekunde, na kila kifaa hupima pia mwendo wa saa ya jirani yake ukilinganishwa na wake.

Tangazo likifika, bado limechelewa njiani. Hapa ndipo hesabu yao inapovutia. Kifaa kinamwuliza jirani na kuandika wakati swali lilipotoka. Jirani anaandika swali lilipoingia kwake na jibu lilipoondoka. Muulizaji anaandika jibu lilipofika. Ukichukua muda wote wa kwenda na kurudi kwa saa ya muulizaji, ukatoa muda ambao jirani alikaa na swali kwa saa ya jirani, ukagawa kwa mbili, umepata safari ya waya. Saa hizo mbili hazikuhitaji kukubaliana kuhusu wakati wa sasa. Kila moja ilipima kipande chake yenyewe. Msingi wa mbinu hii uko katika kiwango cha IEEE 1588, kilichotolewa mwaka 2002 na kusukumwa mbele kwa miaka mingi na John Eidson, mhandisi wa Hewlett-Packard na baadaye Agilent, aliyetaka vyombo vya maabara vipime kwa pamoja bila nyaya za pekee za kubebea mapigo ya saa.

Lakini ile mbili ya kugawia ina sharti ndani yake: kwamba kwenda na kurudi ni sawa. Nuru hutumia takriban nanosekunde 5 kwa kila mita ya faiba. Faiba ya kwenda ikizidi ya kurudi kwa mita 20, tofauti ni nanosekunde 100, na saa itakosea kwa nusu yake, nanosekunde 50. Hata ukituma ujumbe milioni kati ya vifaa hivyo viwili, hakuna hata mmoja utakaokufunulia kosa hilo, kwa sababu kila mmoja unapita kwenye faiba zilezile. Nawaheshimu waandishi hawa kwa namna walivyolipokea jambo hilo. Hawakulifunika. Waliweka nafasi maalumu ambamo mfungaji, akiwa ameujua urefu wa faiba zake kwa kipimo kingine, ataandika tofauti hiyo, na hesabu itaitumia. Hati inasema wazi kinachoweza kupimwa na mtandao wenyewe na kinachopaswa kuletwa na mtu kutoka nje.

Kuna kijambo kingine kidogo ninachokipenda. Kwenye nyaya za shaba, kipimo cha safari ya waya kikizidi nanosekunde 800, kwa kawaida kifaa hukataa kuitumia njia hiyo kwa kusawazisha saa. Waya wa mita 100, ambao ndio urefu wa mwisho unaoruhusiwa, hauwezi kuchukua muda huo. Kwa hiyo katikati bila shaka pana swichi ya zamani isiyojua habari za saa, imechomekwa na mtu bila kuwaambia wenzake. Kifaa hakioni swichi hiyo, lakini kinaijua kwa ucheleweshaji wake. Aliyeandika kanuni hii amewahi kusimama kwenye chumba cha mitambo akitafuta tatizo, au amemsikiliza kwa makini aliyesimama.

Huko CERN, kituo cha utafiti wa fizikia karibu na Geneva, wahandisi walitaka zaidi. Mradi wao wa White Rabbit ulisawazisha vifaa vilivyotenganishwa na kilomita kadhaa za faiba kwa chini ya nanosekunde moja. Walipitisha rangi mbili za nuru kwenye faiba moja, moja ya kwenda na moja ya kurudi, ili urefu uwe uleule na tofauti ya mwendo wa rangi ikokotolewe. Mawazo yao yaliingizwa katika toleo la IEEE 1588 la mwaka 2019. Ni vizuri kuona kiwango kikirudi kujifunza kwa waliokitumia hadi kikawabana.

Saa zikishakubaliana, ratiba inawezekana. Kiwango cha 802.1Qbv cha mwaka 2015 kiliweka malango mbele ya foleni za swichi, yanayofunguka na kufungwa kwa saa, ili fremu za maana zikute njia tupu. Tatizo ni fremu kubwa iliyoanza kutoka dakika ya mwisho. Kwenye njia ya megabiti 100 kwa sekunde, fremu ndefu ya kawaida hushika waya kwa maikrosekunde 123 hivi, na ikishaanza haisimami. Kila aliyewahi kuzuiwa barabarani kupisha msafara wa rais anajua trafiki hufanya nini: husimamisha magari mapema, barabara ingali tupu, ili lori refu lisikutwe katikati ya makutano. Swichi hufanya vivyo hivyo, na ule muda mtupu ni hasara kwa kila mtu. Basi mwaka 2016 vikaja viwango viwili vilivyoandikwa kwa kushirikiana, 802.1Qbu na 802.3br, vinavyoruhusu fremu kubwa ikatwe katikati ya safari, ya maana ipite, kisha kilichobaki kiendelee na kuunganishwa upande wa pili. Hakuna kipande kinachopungua baiti 64, kwa hiyo muda mtupu ukashuka hadi wa baiti zaidi kidogo ya 120.

Mwaka uliofuata kikaja 802.1CB, kinachotuma nakala za fremu moja kwa njia mbili tofauti, kila nakala ikiwa na namba, na huko mwisho ya pili kufika hutupwa. Waya mmoja ukikatika, mpokeaji hajui kama kuna lililotokea.

Hati hizi huandikwaje? Mradi huanza kwa ombi la idhini linaloeleza mipaka ya kazi. Mhariri huandika rasimu. Wapiga kura huisoma na kuleta maoni, na kila oni hutaja ukurasa, mstari, kasoro, na maneno ambayo mleta oni anataka yawekwe badala yake. Anayepiga kura ya kukataa anatakiwa aseme ni mabadiliko gani yatamridhisha. Kikundi hupitia maoni moja moja: limekubaliwa, limekubaliwa kimsingi, limekataliwa kwa sababu hii. Kisha rasimu mpya, na kura tena. Ili kiwango kipite inahitajika asilimia 75 ya wanaokubali, lakini wenye busara hawaridhiki na asilimia hiyo. Huwafuata waliobaki, kwa sababu mkataaji mmoja huenda ameona shimo ambalo wengine wamelivuka bila kulitazama.

Watu hawa hupiga kura kila mtu kwa nafsi yake, ingawa wengi wanalipwa na makampuni yanayogombea soko moja. Hukutana mara kadhaa kwa mwaka, siku nyingi kila mara. Wanapima kila kitenzi: hili ni lazima, hili linashauriwa, hili linaruhusiwa. Lazima likizidi, bei ya kifaa inapanda na hakuna atakayekitengeneza. Likipungua, vifaa viwili vyenye cheti kimoja havitaelewana. Kupata kiasi kinachotosha ndiyo kazi yenyewe, na inahitaji mtu anayezijua saketi na pia anayejua kusoma sentensi yake kwa macho ya mgeni anayetaka kuielewa vibaya. Jina lake likitokea, litakuwa kwenye orodha ya majina kurasa za mwanzo, mahali ambapo wasomaji wengi hupita bila kusoma.

Sisi huku nasi tumo. Vodacom nchini Tanzania na Safaricom nchini Kenya zilizindua huduma za kibiashara za 5G mwaka 2022. Katika masafa ya kati ya 5G, minara hutumia mkanda mmoja wa redio kwa zamu, kutuma kisha kupokea, na minara jirani isipobadilisha zamu kwa pamoja, mmoja humpigia kelele mwenzake anapojaribu kusikiliza simu yako. Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, umeweka kikomo: kila mnara usiachane na wakati sahihi kwa zaidi ya maikrosekunde 1.5. Wakati huo sahihi hupatikana ama kwa setilaiti ama kwa IEEE 1588 kupitia faiba. Wenye kuitunza mitandao hiyo Dar es Salaam na Nairobi huishi na hesabu ileile ya kugawa kwa mbili, na faiba isiyolingana huwasumbua vilevile.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa uhandisi katika vyuo vyetu wawape wanafunzi hati yenyewe, si muhtasari wake tu. Viwango vya familia ya 802 hutolewa bure na IEEE miezi sita baada ya kuchapishwa. Programu ya linuxptp, inayotekeleza IEEE 1588 na 802.1AS, nayo ni ya bure, na kompyuta mbili zenye kadi za mtandao zinazopiga muhuri wa muda zinatosha kuanzia. Na kwa kijana atakayeona kasoro katika rasimu: mikutano ya 802 haiwafungii watu mlango, na haki ya kupiga kura hupatikana kwa kuhudhuria. Andika ukurasa, mstari, kasoro, na maneno unayotaka yawekwe. Wanatakiwa wakujibu.