Sifa za Muosha Vyuma

Katika gereji nyingi kazi ya kuosha vyuma hupewa kijana aliyeingia jana. Mzoefu hufunga pistoni, mwenye mashine huchonga silinda, na mgeni huelekezwa kwenye pipa lililo nyuma ya banda, penye moto na mvuke. Mimi naona mpangilio huo umekaa miguu juu. Bloku isiyotakata huharibu kazi ya wote wanaofuata. Masizi yakibaki ndani ya tundu la oili yatasafiri hadi kwenye beringi, na injini itaanza kugonga kabla mwenye gari hajamaliza kulalamikia bei.

Ndani ya pipa kuna maji ya moto na kostiki, wakati mwingine na magadi. Ukoo wa kostiki, yaani alikali, tunaujua jikoni: ni ule ule wa magadi yanayolainisha maharage na makande, ila kostiki ni kali kuliko magadi mara nyingi. Kule Ziwa Magadi, kusini mwa Kenya, kampuni ya kuchimba magadi ilianzishwa mwaka 1911. Sehemu kubwa ya magadi huenda kwenye viwanda vya kioo na vya sabuni, lakini hayo hayo ni kiungo cha dawa nyingi za kuoshea chuma.

Wengi hudhani kostiki hugeuza kila mafuta kuwa sabuni. Sivyo. Mafuta ya wanyama na ya mimea hugeuka, na ndiyo maana mtengeneza sabuni huanza na mawese au nazi. Oili ya injini imetokana na mafuta ghafi ya ardhini, nayo haigeuki hata uichemshe usiku kucha. Hiyo inahitaji kung'olewa: joto huilegeza, sabuni iliyomo kwenye dawa hupenya kati yake na chuma, kisha huivunja kuwa matone yanayoelea majini. Kwa hiyo dawa nzuri ya kiwandani si kostiki tupu. Humo hutiwa silikati, fosfeti na aina za sabuni, kila kimoja kwa sababu yake, na kuna vingine vya kuzuia chumvi za maji magumu zisigande juu ya kilichooshwa.

Ustadi wenyewe unaonekana zaidi katika kile ambacho muoshaji anakikataa. Chuma cha pua na chuma cha kawaida havidhuriki ndani ya kostiki. Chuma cha kawaida hata hakipati kutu kikiwa humo. Lakini mletee silinda hedi ya alumini uone. Mjinga ataitumbukiza na kufurahia povu, akidhani uchafu unatoka. Povu lile ni gesi ya hidrojeni, inayoshika moto upesi, na kinachotoka ni alumini yenyewe. Akichelewa ataitoa ikiwa nyeusi, imeliwa, na sura iliyonyooshwa kwa mashine haitakaa tena juu ya gasketi. Muoshaji wa kweli hupanga vyuma kabla ya kuwasha moto: alumini na zinki kando, kwenye dawa ya upole iliyotengenezwa kwa ajili yao.

Kisha huja kusuuza, mahali ambapo wavivu hujulikana. Chuma kilichotakata hulowa sawasawa, maji yakitanda juu yake kama ngozi moja. Maji yakijikusanya matone, au utando ukipasuka mahali, pale pana mafuta bado, hata kama jicho halioni na kitambaa cheupe hakichafuki. Kipimo hiki hakihitaji kifaa chochote, nacho hakihongeki. Kikifaulu, muoshaji hana muda wa kupumzika, kwani chuma kilicho uchi kabisa, katika hewa ya chumvi ya Mombasa au Tanga, huanza kupiga wekundu mapema sana. Hukaushwa na kupakwa oili safi, au kupelekwa moja kwa moja kwenye rangi.

Viwanda vya kuchovya vyuma katika zinki iliyoyeyuka, yenye joto la karibu nyuzi 450 za Selsiasi, navyo huanza na beseni la alikali. Asidi ya kuondoa kutu hufuata baadaye, kwa kuwa asidi haipiti chini ya grisi. Ukiruka hatua ya kwanza, zinki itakataa kushika na nguzo itatoka na mabaka meusi.

Zamani viwanda vingi vilipendelea viyeyusho vyenye klorini, vinavyokauka vyenyewe. Mkataba wa Montreal wa 1987, na marekebisho yake, uliviondoa kadhaa kwa kuwa vinakula tabaka la ozoni, na wengi wakarudi kwenye maji na alikali. Mimi sikusikitika. Wala petroli si mbadala wa viyeyusho hivyo: kuoshea nayo, kama wafanyavyo baadhi ya mafundi wetu, ni kukaribisha moto.

Hata hivyo alikali haina huruma kwa mwili. Hutiwa kidogo kidogo ndani ya maji ya baridi, kamwe si maji juu yake, maana mchanganyiko unaweza kuchemka ghafla na kumrukia mtu. Jichoni hupofusha, dawa ni maji safi mengi, papo hapo, kwa muda mrefu, na hospitali. Basi wenye gereji, kabla ya kununua pipa jipya, mnunulieni kijana wenu miwani, glovu za mpira na buti, na bomba la maji liwe karibu naye.