Aya Inayolinganisha Riwaya Mbili: Namna ya Kuitambua Iliyo Bora

Aya ya ulinganishi ina kipimo kimoja kisichodanganya. Futa sentensi zote zinazohusu kitabu kimoja, kisha usome zilizobaki. Zikiwa bado zinajitosheleza, hapakuwa na ulinganishi. Palikuwa na maelezo mawili yaliyokaa jirani. Aya bora huporomoka pale pale, kwa sababu hoja yake haikuwa ya kitabu hiki wala kile, bali imezaliwa vilipokutanishwa.

Tuchukue riwaya mbili ambazo wasomaji wengi wa Kiswahili wanazijua: Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, na Utengano ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 1980. Kila moja ina binti na baba mkali: Rosa na baba yake Zakaria, Maimuna na baba yake Maksuudi. Aya tunayokutana nayo mara nyingi huwa hivi:

Katika Rosa Mistika, Zakaria ni baba mkali anayempiga binti yake. Pia katika Utengano, Maksuudi ni baba mkali anayemfungia binti yake ndani. Hivyo, waandishi wote wawili wameonyesha malezi mabaya katika jamii.

Hakuna uongo hapo, lakini hakuna pia tulichokipata. Neno “pia” limebebeshwa kazi ambayo ilipasa kufanywa na fikra, na hitimisho ni pana kiasi kwamba lingeweza kubandikwa kwenye riwaya nyingine kumi. Sasa soma hii:

Zakaria ni mlevi, na mzigo wa nyumba umemwelemea mkewe Regina. Maksuudi ni tajiri mwenye jina mjini. Hata hivyo, wote wawili wanawachunga mabinti zao kwa vitisho, si kwa mazungumzo. Kwa kuwa mmoja ni fukara na mwenzake ana mali, hatuwezi kuutupia lawama umaskini wala utajiri: kinachowaponza Rosa na Maimuna ni mamlaka ya baba yasiyohojiwa. Ndiyo maana wanapotoka mikononi mwa baba, mmoja kwa kwenda shule ya bweni na mwingine kwa kutoroka, wote wanaingia katika ulimwengu ambao hawakufunzwa kuujua.

Mfute Maksuudi katika aya hii, uone. Hoja kwamba tatizo si umaskini inaanguka, kwa maana ni yeye, kwa mali yake, aliyeithibitisha. Mfute Zakaria, na upande wa pili nao unaanguka. Hiyo ndiyo alama ya kwanza ya ubora: kila kitabu kinakuwa shahidi wa jambo ambalo chenyewe peke yake kisingeweza kulithibitisha.

Alama ya pili ni msingi mwembamba. “Malezi” ni uwanja mkubwa mno kwa aya moja. “Namna baba anavyomchunga binti” ni eneo ambalo mwandishi anaweza kulimaliza.

Ya tatu ni ushahidi wa aina moja. Mtu hulinganishwa na mtu, mwisho na mwisho, usimulizi na usimulizi. Anayeweka tabia ya Zakaria upande mmoja na mandhari ya Utengano upande wa pili hana cha kulinganisha, hata akijaza ukurasa.

Ya nne, na ndiyo inayomtenga fundi na mwanagenzi, ni kwamba tofauti inapewa kazi. Wengi huandika kwamba Rosa anajiua ilhali Maimuna anabaki hai, kisha huweka nukta na kupumzika. Lakini hapo ndipo kazi inapoanza. Kezilahabi amemwondoa Rosa, na lawama imebaki bila mtu kuwa na nafasi tena ya kumtaka radhi duniani. Said Ahmed Mohamed amemwacha Maimuna aishi, na kwa hiyo swali limegeuka: je, kilichovunjika katika familia chaweza kuungwa? Miisho miwili hiyo inauliza maswali mawili kuhusu kosa la aina moja. Aya inayofika hapo imeacha kusimulia visa na imeanza kuhakiki.

Chunguza pia viunganishi. “Ilhali”, “hata hivyo”, “kwa kuwa” na “ndiyo maana” vinaonyesha uhusiano wa mawazo, ikiwa uhusiano huo upo kweli. Aya iliyojaa “pia” na “vilevile” mara nyingi ni orodha iliyovishwa sentensi.

Chanzo cha udhaifu huu kinajulikana. Maswali ya mtihani yanayodai hoja tatu kutoka kila kitabu, ambayo wanafunzi wa Tanzania wanayazoea mapema, yanamfundisha mtahiniwa kukimaliza kitabu cha kwanza ndipo ageukie cha pili. Alama anazipata, lakini vitabu vyenyewe havijakutana.

Mwalimu, unaposahihisha, usihesabu hoja tu. Tafuta ile sentensi moja isiyoweza kusemwa bila vitabu vyote viwili, na uipe alama inazostahili. Nawe mwanafunzi, iandike sentensi hiyo kwanza, kabla ya kitu kingine chochote. Ukiikosa, usianze kuandika, rudi vitabuni.