Kabichi ya Toledo, Mahindi ya Kuluva

Je, mchoraji anayeanza kazi yake kwa kutazama picha ya mtu mwingine ni mwanafunzi au ni mwigaji tu? Swali hili lilinikabili nilipokuwa likizoni nyumbani Kuluva, nje kidogo ya mji wa Arua, nikichora picha ya vitu tuli kwa rangi za mafuta. Katika insha hii nitahakiki picha ya zamani niliyoitazama, pamoja na yangu iliyotokana nayo. Hoja yangu ni kwamba kuazima si kosa. Kosa ni kuazima sura ya kitu na kuiacha sababu yake.

Picha ya zamani ni ya Juan Sánchez Cotán, Mhispania aliyefanya kazi katika mji wa Toledo. Aliichora mnamo 1602 hivi, na sasa imo katika jumba la sanaa la San Diego, Marekani. Mimi niliiona kitabuni tu. Ina vitu vinne: tunda la kwinsi, kabichi, tikiti lililokatwa na tango. Kwinsi na kabichi vinaning'inia kwa nyuzi; tikiti na tango vimelala kwenye kizingiti cha dirisha. Ukivifuata kwa jicho kuanzia juu kushoto, vinashuka kwa mkunjo mmoja hadi kwenye tango, ambalo ncha yake imetokeza nje ya kizingiti na kutupa kivuli. Nyuma ni giza tupu.

Mwanzoni nilidhani nyuzi zile ni mbwembwe za mchoraji. Baadaye nikasoma kwamba Wahispania wa wakati ule walining'iniza matunda na mboga ili visioze upesi. Hapo picha ikabadilika machoni pangu. Cotán hakubuni uzi. Aliukuta katika ghala la chakula. Ustadi wake umo katika kupanga na katika kuangalia kwa subira.

Kwetu Afrika Mashariki suala la kuiga lina historia ndefu. Margaret Trowell, aliyeanzisha mafunzo ya sanaa Makerere mnamo 1937, hakutaka wanafunzi wafuate mifano ya Ulaya. Aliwasimulia visa, nao wakachora walichokiona akilini mwao. Cecil Todd, aliyeshika nafasi yake mnamo 1958, aliingiza historia ya sanaa ya Ulaya darasani. Naye Elimo Njau, mzaliwa wa Kilimanjaro aliyesomea Makerere na kushiriki kuanzisha Paa ya Paa jijini Nairobi mnamo 1965, anajulikana kwa msimamo wake mkali dhidi ya kunakili.

Kuhusu picha yangu ya kwanza, Njau angekuwa na haki ya kunikemea. Nilichora zabibu, limau lililomenywa nusu na kikombe cha fedha, kwa mtindo wa Waholanzi wa karne ya 17. Wenzangu walisifu mng'ao wa kikombe. Mjomba wangu aliitazama kwa muda, kisha akauliza, "Vyombo hivi ni vya nani?" Sikuwa na jibu. Waholanzi wangekuwa nalo. Malimau na bakuli za Kichina walizozichora zilifika kwa meli za biashara. Zilionyesha utajiri wa mwenyewe, na mara nyingine zilimkumbusha kwamba atakufa aviache vyote. Mimi nilichukua mng'ao nikamwacha mwenye mali.

Katika picha ya pili nilirudi kwa Cotán, kwa kuwa uzi wake nilikuwa naufahamu. Jikoni kwetu mahindi ya mbegu hufungwa kwa maganda yake na kuning'inizwa juu ya meko, ili moshi uyakinge na fukusi hadi msimu ujao. Nikaweka mahindi mahali pa kwinsi, kibuyu cha ufuta mahali pa kabichi, nusu ya boga mahali pa tikiti, na muhogo mahali pa tango. Mkunjo niliuacha vilevile.

Mama alipoiona hakusema lolote kuhusu mahindi. Aliniambia, kwa Kilugbara, kwamba weusi ule si wa jikoni kwake: ukuta wake una masizi, na masizi hung'aa. Alikuwa amesema kweli. Weusi wa Cotán ni mahali ambapo mwanga haukufika. Weusi wetu ni moshi wa miaka mingi ulioganda ukutani. Nilifuta, nikaanza na kahawia nzito, nikapaka nyeusi juu yake, nikaacha mwanga wa moto uguse hapa na pale. Tangu hapo picha ile haikuwa tena ya Cotán.

Hata hivyo, kuna kosa nisilotaka kulificha. Muhogo wangu bado umelala juu ya kizingiti cha jiwe, na jikoni kwetu hakuna kizingiti kama hicho. Nilikiacha kwa sababu mkunjo ulikihitaji. Hapo nilinakili.

Kosa la pili lilitokea upande mwingine. Mafuta ya kitani yaliponiishia, nilichanganya rangi na mafuta ya ufuta, nikijisifu kwamba sasa kazi ni ya kwetu kabisa. Lakini mafuta ya ufuta hayakauki kama ya kitani. Boga langu linanata hadi leo, na vumbi limelishika. Kumbe kitu cha nyumbani nacho huharibu kazi kikiwekwa mahali pasipo pake.

Kwa hiyo nakubaliana na Njau kwa sharti moja. Tusiwakataze wanafunzi kutazama kazi za zamani. Tuwatake wajibu, kwa kila kitu walichochora, swali la mjomba wangu: ni cha nani, na kwa nini kiko hapo? Picha yangu inajibu kuhusu mahindi, kibuyu na masizi. Kuhusu kizingiti bado haina jibu, nami nimeanza nyingine.