Asilimia 30 ya Samaki Wasiohesabiwa

Wasomaji waliofuatilia mjadala wa Ziwa Tanganyika tangu Catherine O'Reilly na wenziwe walipochapisha makala yao katika jarida la Nature, Agosti 2003, hawana haja ya kukumbushwa jinsi maji yalivyopata joto, upepo ulivyolegea, na rutuba ya kilindini ilivyokosa njia ya kupanda juu; kazi hiyo ilikuwa safi, na Piet Verburg na wenziwe walifikia hitimisho kama hilo katika jarida la Science mwaka huohuo.

Taksiri ni sentensi moja. Baada ya kuichunguza kaboni iliyozikwa matopeni na kukadiria kwamba uzalishaji wa mwani huenda umepungua kwa asilimia 20, waandishi hawakutua hapo, bali waliruka kutoka mwani hadi samaki, wakasema maana yake ni upungufu wa samaki wa takriban asilimia 30. Ilhali baina ya mwani na dagaa kuna wanyama wadogo mno waeleao majini, wamlao mwani na kuliwa na dagaa. Kuna migebuka wawindao dagaa. Kuna na mvuvi mwenyewe na taa zake. Ngazi zote hizo zilivukwa kwa makadirio, nayo magazeti yakaishika ile 30 na kuitupa ile “huenda”. Mwaka 2006 Jouko Sarvala na wenziwe wakajibu kwamba takwimu za uvuvi zaeleza zaidi mabadiliko ya uvuvi kuliko ya tabianchi.

Muuza dagaa wa Kigoma pale Kariakoo, akiulizwa sababu ya kisado kupanda bei, hutaja kwanza mbalamwezi, kwa kuwa usiku wa mwezi mpevu taa hazivuti dagaa, kisha nauli, kisha mvua iliyowakuta dagaa wameanikwa. Yeye hajiridhishi kwa sababu moja.

Ama kuhusu kuhesabu badala ya kukadiria, nimelisema hili mara nyingi, na wapenzi wa kupima mwani kwa klorofili wamenichukia kwalo: mwani huhesabiwa kwa darubini. G. S. West, mwaka 1907, aliueleza mwani ulioletwa na W. A. Cunnington kutoka ziwa hilohilo, spishi kwa spishi. Na Jack Talling, akiwa Jinja mwaka 1960 na 1961, aliufuata mwani aina ya Melosira wa Ziwa Viktoria msimu baada ya msimu, akaonyesha unavyostawi maji yanapochanganyika katikati ya mwaka. Wako wapi leo wenye subira hiyo?

Andrew Cohen, mmoja wa waandishi wa 2003, alirejea matopeni na wenziwe, na mwaka 2016 wakaonyesha, kwa kuhesabu mabaki ya samaki wenyewe, kwamba upungufu ulitangulia uvuvi wa kibiashara. Basi yamkini hukumu ya kwanza ilielekea kwenye haki. Lakini mabaki hayo yalikuwamo ziwani siku zote, na ilipasa yahesabiwe kwanza, ndipo itajwe asilimia.