Kuusoma Ukingo wa Nishani

Miongoni mwa sanaa za ukusanyaji, ile ya nishani za vita vya kikoloni inadai uaminifu wa pekee, kwa kuwa kila kipande cha fedha hutoa madai mawili, kwamba vita fulani vilipiganwa na kwamba mtu fulani alikuwamo, na ubora wa mkusanyaji umo katika kuyapima yote mawili.

Mfano ulio karibu na msomaji wa pwani ni Nishani ya Afrika Mashariki na Magharibi, iliyoanzishwa na Uingereza mwaka 1892. Upande mmoja una sura ya Malkia Victoria. Wa pili, ambao Edward Poynter aliubuni awali kwa nishani ya vita vya Waashanti vya 1873–74, unaonyesha askari wa Kiingereza wakipambana na Waafrika msituni. Kwenye utepe wake huvishwa vipau, yaani vipande vyembamba vya fedha vyenye jina la vita na mwaka, kikiwamo cha Witu 1890, kilichotolewa kwa msafara wa Admeri Fremantle ulioteketeza mji wa Sultani Fumo Bakari. Vita vya Mwele vya 1895, ambamo ngome ya Mbaruk bin Rashid Mazrui ilitekwa, havikupewa kipau: jina lake liliandikwa kwenye ukingo wa nishani yenyewe, mahali ambapo jicho la haraka halifiki.

Ukingo huo ndio kiini cha ustadi wote. Hapo huandikwa jina, cheo na kikosi au meli ya aliyetunukiwa. Jina likifutwa kwa tupa ili liwekwe jingine lenye bei, ukingo hupungua unene, na kipimo makini hufichua hila hiyo. Kwa kuwa kusugua fedha ing'ae hula herufi, mkusanyaji mwadilifu huiacha na weusi wake, kisha hulifuata jina hadi kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza, huko Kew, ambako orodha za waliotunukiwa zimo katika mafungu ya WO 100 kwa jeshi la nchi kavu na ADM 171 kwa jeshi la majini.

Orodha hizo, hata hivyo, hazina jina la yeyote aliyeilinda Mwele. Kwa hiyo anayeiheshimu sanaa hii kwa dhati huiweka nishani pamoja na habari za Wamazrui wa Gazi na za Mbaruk mwenyewe, ambaye mwaka 1896 alivuka mpaka na kujisalimisha kwa Wajerumani, na huzitafuta habari hizo kwa bidii ileile anayoitumia kuzikagua herufi za ukingoni.