Mcheza Kwao Hutunzwa: Adabu ya Uwanja wa Mganda na Kioda

Ngoma haihakikiwi kwa kutazama miguu na mavazi peke yake. Uwanja nao ni sehemu ya sanaa: jinsi mgeni anavyopokewa, jinsi mshindani anavyotajwa katika wimbo, na jinsi mchezaji wa kike anavyolindwa. Jambo hili twaweza kulichunguza katika mganda, ngoma ya wanaume, na kioda, ngoma ya wanawake, ambazo ni mashuhuri katika mwambao wa Ziwa Nyasa, pande za Liuli na Mbamba Bay.

Mganda una nasaba na beni, ngoma iliyoenea Afrika Mashariki zama za Vita Kuu ya Kwanza (1914–1918) kwa kuiga gwaride na bendi za askari. Wachezaji hujipanga kwa mistari, nadhifu, wakipuliza vibuyu vinavyovuma mithili ya tarumbeta. Nchini Malawi, ng'ambo ya ziwa, ngoma ya aina hii huitwa malipenga. Wako walioiona kuwa kasumba tupu. Lakini Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 juu ya beni, alionyesha kwamba wachezaji waligeuza kile walichokiiga kikawa chombo chao wenyewe cha kushindana na kusaidiana.

Kushindana huko kulikuwa na hatari zake. Wafuasi wa Marini na Arinoti, vyama viwili vya beni, walitupiana nyimbo za kejeli. Kejeli ni fani, nasi hatuipingi. Hata hivyo, kumcheka mpinzani kwa hatua zake mbovu ni jambo moja. Kumdhalilisha kwa kabila lake, kilema chake au jinsia yake ni jambo jingine kabisa. La kwanza hunoa sanaa, la pili huvunja uwanja.

Methali yetu yasema: mcheza kwao hutunzwa. Neno "kutunza" lina maana mbili: kumpa mtu tuzo, na kumhifadhi asidhurike. Mtazamaji anayembandika mchezaji wa kioda noti mwilini, huku mkono wake ukienda usikoalikwa, ameshika maana ya kwanza na kuikanyaga ya pili. Vivyo hivyo tamasha linalowaweka wanawake mwisho wa ratiba, giza limekwisha kuingia na pombe imekwisha kunyweka, haliwatunzi hata likiwapa zawadi nono.

Tena yatupasa kuuliza: hapo "kwao" ni kwa nani? Katika tamasha la Mbinga, Mmatengo aliyeteremka kutoka milimani, Mnyasa aliyetoka ziwani na Mngoni aliyekuja na lizombe wote wanastahili kuwa kwao. Asiyeweza kusimama muda mrefu apewe nafasi ya mbele, na watoto wasisukumwe na umati.

Askari na kamba za kuzuia watu husaidia, lakini havitoshi. Mganda wenyewe hutufundisha kwamba nidhamu huzaliwa ndani ya mstari: mmoja akikosea hatua, kundi zima huharibika. Basi walimu wanaoandaa mashindano ya ngoma shuleni wasihesabu sare na sauti tu. Watoe alama pia kwa kundi linalomkaribisha mpinzani, linalotunga kejeli bila matusi, na linalowalinda wachezaji wake. Kijana aliyejifunza hivyo atakuwa amejifunza kutunza kwa maana zote mbili.